Maumivu ya kalio: si ngiri, na si lazima iwe mgongo

Kijana mmoja wa bodaboda aliingia kwenye chumba changu cha mazoezi hapa Tabora, akakaa kwenye benchi kwa kalio la kushoto tu. La kulia alilinyanyua kama mtu aliyekalia msumari. "Shikamoo dokta. Hii ngiri inanitesa mwezi wa nne sasa. Nimeshachoma sindano saba, naomba ya nane." Nikamwambia asimame anionyeshe kwa kidole kimoja panapouma. Hakugusa kinena, hakugusa kiuno. Alibonyeza katikati ya kalio, akakunja uso.

Kazi yangu ni fiziotherapia, yaani tiba ya misuli na viungo kwa mazoezi, na maneno kama yake nayasikia kwa wabeba mkaa wa baiskeli, kwa akina mama wanaoshinda kwenye vigoda wakichambua tumbaku kule Urambo, na kwa abiria aliyeshuka kwenye treni kutoka Kigoma akashindwa kunyoosha mguu. Maumivu yao ni ya kweli kabisa. Kinachowachelewesha kupona ni jina walilopewa, kwa sababu ugonjwa ukipewa jina la mwingine hutibiwa kwa dawa ya mwingine.

Tuanze na hiyo ngiri. Ngiri ni utumbo au mafuta ya tumboni kupenya kwenye sehemu dhaifu ya ukuta wa tumbo. Huonekana kama uvimbe kinenani au kitovuni, na ukikohoa au ukinyanyua mzigo uvimbe huo hutuna. Maumivu ya katikati ya kalio ni habari nyingine. Ndani kabisa, chini ya msuli mkubwa tunaoukalia, kuna msuli mdogo uitwao pirifomisi. Una umbo la peari, unaanzia upande wa ndani wa mfupa ulio chini ya kiuno na kwenda kujishikiza juu ya mfupa wa paja. Ndio unaosaidia kugeuza mguu kuelekea nje. Chini yake hupita neva ya siatiki, mshipa wa fahamu ulio mnene kuliko yote mwilini, karibu unene wa kidole. Wapo watu ambao kwao neva hiyo, au tawi lake, hupita katikati ya msuli wenyewe. Msuli ukikaza kwa kukaliwa kutwa nzima, au ukiumia kwa kuangukia kalio, unaweza kuibana neva. Hapo maumivu huanzia kalioni, hushuka nyuma ya paja, na wengine husikia ganzi au kama sisimizi wanawatembea.

Nilimwomba kijana atoe pochi iliyokuwa mfuko wa nyuma, upande uleule wa kulia. Leseni, kadi ya bima, risiti za mafuta, picha za pasipoti, noti zilizokunjwa. Ilikuwa nene kama kipande cha sabuni ya mche, naye anaikalia tangu alfajiri hadi usiku, kwenye barabara zenye matuta.

Wengine, wakisikia si ngiri, husema: "Basi ni pingili za mgongo, nenda kapige picha." Hili lina ukweli ndani yake, ndiyo maana ni gumu kuling'oa. Tangu madaktari wa Marekani William Mixter na Joseph Barr walipoeleza mwaka 1934 jinsi diski ya mgongo, kile kisahani laini kati ya pingili na pingili, inavyoweza kutokeza na kubana neva, maumivu yanayoshuka mguuni hutafutwa kwanza mgongoni, na mara nyingi ndiko yanakotoka. Lakini eksirei inaonyesha mifupa, haionyeshi msuli wala neva. Hata MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, huonyesha diski zilizotuna kwa watu wasioumwa chochote, kwa hiyo picha peke yake haitoshi kumhukumu mtu. Tatizo la pirifomisi halina kipimo kimoja cha kulithibitisha. Tunauliza, tunapima mgongo, tunakunja na kugeuza nyonga, tunaondoa sababu nyingine moja moja. Anayezidiwa akikaa na kupata nafuu akitembea hunifanya nilitazame kalio kwa makini zaidi. Anayeumwa kiuno, maumivu yakafika hadi unyayoni na kuchoma akipiga chafya, naanza na mgongo wake.

Kuhusu sindano nasema bila kuzunguka: diklofenaki, dawa ya maumivu inayochomwa mara nyingi, hupunguza maumivu kwa muda, haiondoi kinachobana. Ikitumika mfululizo inaweza kuleta vidonda vya tumbo, kuumiza figo na kupandisha presha. Na sindano ya kalioni ikichomwa pasipo pake inaweza kuijeruhi neva ileile ya siatiki, mtu akabaki anaburuta unyayo.

Kukanyagwa na mtoto mgongoni au kuchuliwa mpaka ulie, achana nako. Kukanda kwa kitambaa cha maji ya moto ni sawa, kunalegeza msuli. Kulala kitandani wiki nzima ukisubiri ipone nako hakusaidii, misuli inazidi kukaza na kudhoofika.

Kijana nilimfundisha hivi. Lala chali, kunja magoti yote mawili. Weka kifundo cha mguu unaouma juu ya goti la mguu mwingine, kisha shika paja la mguu wa chini kwa mikono miwili, ulivute taratibu kuelekea kifuani hadi kalio livutike. Hesabu sekunde 30, achia, rudia mara tatu, asubuhi na jioni. Ganzi ikiongezeka, punguza au acha. Baadaye tukaongeza kunyanyua makalio akiwa amelala chali, ili misuli ya nyonga ipate nguvu. Pochi ikahamia mfuko wa mbele, na kila baada ya abiria wawili watatu anashuka kwenye pikipiki anatembea. Wiki ya sita alikaa kwenye lile benchi kwa makalio yote mawili.

Lakini si kila kalio linalouma ni pirifomisi. Mama mjamzito mara nyingi huumwa pale nyonga inapoungana na mgongo, na asimeze diklofenaki bila kuuliza. Mwenye selimundu (sikoseli) anayeumwa kinena na kuchechemea apimwe kiungo cha nyonga, kwa sababu kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kukosa damu kikafa. Maumivu ya mgongo yenye homa, jasho la usiku na kukonda yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo.

Na ukiona mkojo unagoma au unatoka wenyewe, umeshindwa kuzuia haja kubwa, sehemu za siri zimeingia ganzi, au miguu inaishiwa nguvu, usijaribu zoezi lolote nililoandika hapa. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete kwa walio Tabora au Maweni kwa walio Kigoma, usiku huohuo, hata kama ni kwa kuazima nauli.