Kigari kinachoogopa tochi: dhana potofu na ukweli

"Lazima kina kompyuta ndani."
Hakina hata programu. Mota mbili za redio kaseti iliyokufa, ambazo fundi yeyote wa Langoni hapa Lamu hakosi, vihisi mwanga viwili, transista mbili (vipande vidogo vya kudhibiti umeme) na betri: basi. Kihisi cha kulia kikipigwa na mwanga, mota ya kulia hupata umeme zaidi, gurudumu lake likaenda mbio na kigari kikageukia kushoto. Watoto husema kimekimbia tochi. Kikifika gizani hutulia.

"Kumgeuza mwoga awe mkali ni kuunda kingine."
Pishanisha nyaya mbili tu. Kihisi cha kulia kikiendesha mota ya kushoto, kigari huifuata tochi, kasi ikizidi, mpaka kikaigonga. Ukirudisha nyaya zilivyokuwa, ila mwanga upunguze kasi badala ya kuiongeza, kitaisogelea taa na kusimama kikiielekea. Valentino Braitenberg, mtafiti wa ubongo aliyeeleza vigari hivi mwaka 1984, aliyaita haya mapenzi. Washairi wetu wangebisha, lakini wakikiona watabisha kwa sauti ndogo.

"Haya yamekuja na akili bandia."
Mwishoni mwa miaka ya 1940 huko Bristol, Uingereza, mtafiti wa ubongo W. Grey Walter aliunda roboti wawili wenye umbo la kobe, Elmer na Elsie, wenye vali mbili mbili (mirija ya kioo iliyofanya kazi ya transista zamani). Kila kobe alikuwa na taa ndogo iliyozimika jicho lake likipata mwanga. Mweke mbele ya kioo: aione taa yake, izimike, ikizimika hana cha kuona, iwake tena. Akawa anapepesa na kuchezacheza. Walter mwenyewe alisema kwamba mnyama akifanya hivyo, wapo ambao wangeona ni dalili ya kujitambua.

"Basi ni kiini macho."
Hapana, mwendo ni wa kweli. Hofu ndiyo tunayoiongeza sisi watazamaji. Braitenberg aliona kwamba kuunda ni rahisi kuliko kukisia kilichomo kwa kutazama nje. Jaribu: kifunike kigari kwa boksi, umwulize jirani kinafanyaje kazi. Atakutajia kumbukumbu, labda na kamera.

"Kimeharibika, hakijali tochi."
Umekijaribu adhuhuri, uani. Jua hushibisha vihisi vyote viwili sawasawa, mota zote zikaenda mbio, nacho kikanyoosha moja kwa moja hadi ukutani. Ngoja Magharibi ipite.