Bahari inapanda, lakini si kila ufuo unaoliwa ni kosa lake

Dhana: Milimita chache kwa mwaka si kitu.

Kati ya 2006 na 2018 bahari ilipanda, kwa wastani wa dunia, takriban milimita 3.7 kila mwaka, na kasi inaongezeka. Lakini mkazi wa pwani hakutani na wastani. Anakutana na bamvua, yale maji yanayojaa sana mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, linalosukumwa na upepo, na siku hiyo zile sentimita 20 zilizoongezeka tangu mwanzoni mwa karne iliyopita zinatosha kuyavusha maji juu ya tuta hadi kwenye mpunga. Maji yakipwa, chumvi hubaki udongoni. Mipango ipimwe kwa bamvua kubwa, si kwa siku za maji mafu, yasiyojaa sana.

Dhana: Ufuo ukiliwa, ni mabadiliko ya tabianchi.

Abiria wa daladala Dar es Salaam wanashuka hadi leo kituo cha Africana. Hoteli yenye jina hilo ilikuwa ufukweni, ikaangamizwa na mmomonyoko. Wataalamu waliochunguza fukwe za Kunduchi, eneo hilo hilo, walitaja, pamoja na mambo mengine, mchanga uliokuwa ukichimbwa mitoni kwa ajili ya ujenzi. Mchanga wa mto ndio unaoulisha ufuo. Ukizuiwa juu, huku chini bahari inakula bila kurudisha. Nalisisitiza hili kwa sababu tukiisingizia bahari kila kitu, lori la mchanga litaendelea kupita na hakuna atakayeulizwa.

Dhana: Tujengewe ukuta, yaishe.

Pale Barabara ya Barack Obama, Dar es Salaam, yenye majengo na njia kuu, ukuta ulikuwa wa lazima. Kwingine tufikiri mara mbili. Wimbi likipiga ukuta hurudi na nguvu zake, likakomba mchanga chini ya msingi, na mara nyingi ukuta unapoishia ndipo jirani anapoanza kupoteza ardhi. Wavuvi nao waulizwe mapema ngalawa zitapandishwa wapi, maana diko, mahali vyombo vinapoegeshwa, likifungwa kijiji kimefungwa. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kuiheshimu kabla ya kugawa viwanja ni nafuu kuliko ukuta wowote.

Dhana: Panda mikoko popote penye tope.

Hapa ndipo nguvu nyingi za watu hupotea. Mikoko ina aina zake, na kila aina ina mahali pake. Mlilana husimama mbele, unapokea mawimbi. Aina iitwayo mkoko hasa hukaa katikati. Mkandaa hupenda nyuma, pasipofikiwa na maji kila siku. Miche ya mkoko ni mirefu, rahisi kuokota na kuchomeka, kwa hiyo hupandwa kila mahali, hata juu ya majani ya bahari, ikafa. Gazi, kusini mwa Mombasa, Kenya, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wanalinda na kurudishia msitu wao wenyewe, na tangu 2013 fedha za hewa ukaa, yaani malipo kwa kaboni inayohifadhiwa na msitu, zimesaidia maji na shule.

Na mikoko yenyewe nayo inahitaji njia. Bahari ikipanda, msitu husogea bara kidogo kidogo kama kuna nafasi. Ukikuta nyuma yake mashamba ya chumvi au nyumba, unazama hapo hapo ulipo. Kwa hiyo ramani ya kijiji ionyeshe, pamoja na msitu wa leo, ardhi ya nyuma utakakohamia, na ardhi hiyo isiuzwe.