Maswali kuhusu kiharusi na ile meseji ya kuchoma vidole sindano

Kiharusi ni nini hasa?
Mshipa wa ubongo umeziba au umepasuka. Utaona ghafla mdomo umeenda upande, mkono umelegea, maneno hayatoki sawa. Mara nyingi ni mtu wa presha.

Kuna meseji yasema umchome mwenye kiharusi sindano vidole vyote kumi mpaka damu itoke. Ni kweli?
Si kweli. Damu ya kidoleni haizibui mshipa wa kichwani. Hapa Lamu tunaletewa wazee vidole vimejaa matundu na wamekaa nyumbani tangu alfajiri, watu wanangoja mdomo urudi! Dawa ya kuyeyusha donge la damu hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na kabla yake lazima kichwa kipigwe picha, sasa wewe uko Faza, kisiwani Pate, boti mpaka Mokowe bara, maji yakiwa yamekupwa pale mlango wa Mkanda mwangoja, halafu bado kuna barabara, hayo masaa ya kuchoma vidole umeyatoa wapi? Usichome. Mpeleke.

Mbona jirani alichomwa akapona?
Hapa ndipo wengi wananaswa. Kuna kiharusi kidogo, mshipa unaziba kisha unazibuka wenyewe, baada ya dakika kadhaa mtu anaongea vizuri. Angepona hata bila sindano, lakini sindano ndiyo inachukua sifa, na meseji inapata shahidi. Na huyo aliyepona yuko hatarini, kikubwa chaweza kuja siku hizo hizo. Naye pia mpeleke, hata kama anacheka.

Kwa nini watu wazima wanaamini?
Kwa sababu imetoka kwa shangazi. Shangazi kaletewa na shoga yake wa Mombasa, aliyeandika hajulikani, mwisho imeandikwa sambaza upate thawabu. Watu wanatuma kwa mapenzi, najua. Ukiona mishale miwili juu ya meseji ujue imepita mikono mingi sana, WhatsApp wenyewe tangu 2020 hawaruhusu kuituma kwa zaidi ya chati moja kwa mara moja.

Nifanye nini nikingoja boti?
Angalia saa dalili zilipoanza, ikariri. Mlaze ubavu. Usimpe maji wala chakula, atapaliwa. Usimpe aspirini, huenda mshipa umepasuka. Na sindano, nimeshasema, iache kwenye kitambaa chake.

Na ile meseji?
Ifute, halafu umwambie shangazi kwa adabu, kwa sauti yako, kwenye lile lile grupu la ukoo.