Titi lenye uambukizo halimzuii mtoto kunyonya

Mama anapofika kliniki titi likiwa jekundu, gumu na lenye maumivu, huku homa imempanda, mara nyingi amekwisha kuambiwa amwachishe mtoto kwa sababu maziwa "yameoza". Nimelisikia neno hilo mara nyingi mno, hata kwa watumishi wa afya, na linanisikitisha kwa kuwa kuachisha ghafla hulifanya titi lijae zaidi na kuongeza hatari ya jipu. Staphylococcus aureus, bakteria anayehusika mara nyingi, kwa kawaida huwa tayari yumo puani na kinywani mwa mtoto mwenyewe, na maziwa hayo hayamdhuru. Kwa mama anayeishi na VVU ushauri ni tofauti: titi linaloumwa likamuliwe na maziwa yake yamwagwe hadi lipone, mtoto akiendelea na lile lingine.

Linalonikera zaidi ni kulikanda titi kwa nguvu. Tulifundishwa kukanda na kukamua hadi titi liwe tupu, lakini kukandamiza huumiza tishu ambazo tayari zimevimba, na kukamua kupita mahitaji ya mtoto huchochea maziwa mengi zaidi. Mwongozo wa 2022 wa Academy of Breastfeeding Medicine, chama cha kimataifa cha madaktari wa masuala ya unyonyeshaji, unapendekeza ubaridi, ibuprofeni na kunyonyesha kwa kiasi cha kawaida. Kitambaa cha uvuguvugu sikikatazi, kwa kuwa wapo akina mama wanaopata nafuu nacho.

Antibiotiki ni kwa mama asiyepata nafuu ndani ya saa 24 au anayeumwa sana tangu mwanzo: kloksasilini miligramu 500 kila baada ya saa 6, kwa siku 10 hadi 14. Amoksilini pekee mara nyingi haifui dafu, kwa sababu bakteria huyo hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja.

Uvimbe ukibaki baada ya siku 2 za dawa, ultrasaundi ifanyike, kwani jipu lililo ndani sana halibonyei kidoleni. Usaha huvutwa kwa sindano, pengine zaidi ya mara moja. Vitabu hutaja jipu lenye upana wa sentimita 5 kana kwamba ni mpaka wa kuamua lini kupasua. Mimi naitazama zaidi ngozi, ikiwa imekonda na kung'aa napasua, ingawa ngozi ikiwa katikati, si nzima wala haijakonda hivyo, bado nasitasita, kwa kuwa kidonda cha kupasuliwa kinaweza kuvuja maziwa kwa muda mrefu.

Usaha ukishatoka, mtoto hurudishwa kwenye titi hilohilo, isipokuwa kidonda kikiwa karibu na chuchu kiasi cha kuguswa na kinywa chake. Hapo titi hukamuliwa kwa mkono hadi kidonda kikauke.