Mtoto asiwe mkalimani wa mateso ya babake

Baba anaingia ofisini na binti wa miaka 11. Wametoka Ethiopia, wanaishi Eastleigh, Nairobi. Baba anazungumza Kioromo. Binti amejifunzia Kiswahili shuleni, basi ndiye msemaji wa nyumba nzima, kwa mwenye nyumba hadi zahanati. Nikiuliza anaumwa wapi, baba anainamisha kichwa. Binti anajibu: "Miguu tu."

Hapo nasimamisha mazungumzo. Kazi ya kwanza ya afisa wa ustawi wa jamii ni kumtua mtoto mzigo huo. Tunatafuta mkalimani mtu mzima anayejua kutunza siri, kisha tunamuuliza baba kama anamkubali. Tusimwone msumbufu akikataa. Mkimbizi anaweza kumwogopa mtu wa kwao kuliko mgeni, maana hajui ana undugu na nani.

Tunamwachia pia achague kiti. Wengi huchagua kinachotazama mlango. Aliyeteswa alinyang'anywa uamuzi wa kila kitu, hata wa kwenda msalani, na kwangu mimi huduma inaanza kwa kumrudishia uamuzi huo kidogo kidogo.

Sasa hiyo miguu. Kipigo cha nyayoni, falanga, huenda kisiache kovu lolote, lakini kutembea kukauma miaka mingi. Nyumbani mke anamwona mvivu, watoto wanamwogopa kwa kuwa usiku anaamka akipiga kelele. Akiruhusu mwenyewe, tunaketi na mkewe na kumweleza chanzo. Simulizi lenyewe linabaki lake.

Tarehe zikipishana katika mahojiano ya kuomba hifadhi, tafadhali msikimbilie kusema anadanganya. Kupigwa kichwani, woga na kukosa usingizi huvuruga kumbukumbu. Kwa hiyo tunamwelekeza mapema kwa daktari anayefuata Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza na kuandika ushahidi wa mateso, wa mwaka 1999 uliohuishwa 2022. Ripoti yake hueleza kama makovu na dalili za akilini zinalingana na anayosimulia mgonjwa.

Ushauri nasaha una nafasi yake, ila mtu anayetarajia kufungiwa nyumba kesho hawezi kuusikia. Kodi, chakula na karatasi za ukimbizi tunavishughulikia wiki hiyohiyo.

Na yule binti tunamwandikia mwalimu wake barua, bila kutaja ya babake, kwamba Jumanne na Alhamisi hatakosa tena darasani.