Nyumba ya mtumwa katika shamba la karafuu

Wageni wakija Unguja huteremshwa kwenye vyumba vya chini pale Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, wakatoka wameinamisha vichwa. Vyumba vile vilitumika kwa nini hasa, wanahistoria bado wanabishana, na mimi leo siuingii ubishi huo. Baadaye wageni haohao hupelekwa Kizimbani kunusa viungo. Wanacheka, wanavishwa kofia za makuti, wanaonja mdalasini. Ni wachache wanaoambiwa kwamba Kizimbani ni miongoni mwa mashamba ya mwanzo kabisa ya karafuu visiwani, na kwamba Sultani Seyyid Said alipolitwaa, shamba lile lilikuwa likilimwa na watumwa. Sokoni mtumwa alikuwa wa kupita tu. Shambani alikaa miaka, pengine mpaka kufa.

Swali ninaloulizwa sana ni hili: walilala wapi? Anayeuliza huwa keshapiga picha kichwani ya safu za vibanda vilivyopangwa mstari chini ya jicho la msimamizi, kama katika mashamba ya pamba ya Marekani. Kwetu haikuwa hivyo. Mwenye shamba alijenga nyumba ya mawe na chokaa, aghalabu juu ya kilima, yenye baraza ya kupokelea wageni. Wengi wa wenye mashamba waliishi mjini na kuja shambani wakati wa mavuno. Watumwa walitawanyika katika eneo zima la shamba, chini ya miembe na minazi na katikati ya mikarafuu, kila mmoja au kila familia na kibanda chake. Walivijenga wenyewe: miti, fito, udongo wa kukandika, paa la makuti, sakafu ya udongo ulioshindiliwa. Nyumba ya namna hiyo ikiachwa misimu michache ya masika hairudi. Kinachobaki ardhini ni vigae vya vyungu na shanga. Ndiyo maana nyumba ya bwana bado ina magofu, ya mtumwa haina.

Kando ya kibanda palikuwa na kipande cha ardhi. Hapo mtumwa alipanda muhogo, viazi vitamu, mtama au mahindi, na hicho ndicho kilikuwa chakula chake. Desturi ilimpa Alhamisi na Ijumaa kwa shughuli zake, siku tano zilizobaki zikawa za bwana. Muhogo uliozidi aliweza kuuza akanunua kitoweo au nguo. Nguo yenyewe ilikuwa merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, au kaniki, kitambaa cheusi, na kwa kawaida mtumwa alitembea miguu mitupu na kichwa wazi, maana kofia na viatu vilikuwa alama za waungwana.

Hapa ndipo mjadala huharibika. Husikii mazungumzo ya utumwa wa pwani bila mtu kusema: lakini walikuwa na nyumba zao, bustani zao, na siku mbili za kupumzika! Kweli, walikuwa nazo. Lakini tazama hesabu inavyokwenda. Aliyejilisha kwa muhogo wake amemwondolea bwana gharama ya chakula. Aliyejijengea amemwondolea gharama ya nyumba. Na siku ya kulima shamba lako ili ule, mimi siiiti mapumziko.

Tena siku hizo mbili zilipungua msimu ulipofika. Karafuu haingoji: ikichanua imeharibika, kwa hiyo mti mmoja hurudiwa mara kadhaa kuchumwa matumba yaliyo tayari tu. Mchana watu wako juu ya miti, jioni wamekaa kuchambua na kutoa makonyo, yaani vijiti vya karafuu, kisha ni siku kadhaa za kuanika juani na kuanua kila wingu likitanda. Nokoa, msimamizi msaidizi wa shamba, ambaye naye aghalabu alikuwa mtumwa, ndiye aliyehakikisha hakuna anayekosa. Kwa kufuata sheria ya Kiislamu, mtoto wa wazazi watumwa alikuwa wa bwana wa mama yake, kwa hiyo mume wa shamba jingine angeweza kuzaa watoto ambao hawahesabiwi kwake wala kwa bwana wake. Mwaka 1872 kimbunga kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ikasalimika, na uzito wa kilimo na wa watumwa ukahamia huko.

Umuhimu wa kile kibanda ulidhihirika zaidi Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alipotia saini amri ya kufuta hadhi ya utumwa chini ya shinikizo la Waingereza. Mtumwa hakuachwa huru papo hapo. Ilimbidi aende mwenyewe mahakamani kudai. Masuria hawakuhusishwa mpaka 1909. Na aliyepewa uhuru alitakiwa aoneshe kwamba ana makazi maalumu na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Ikiwa makazi yake yako juu ya ardhi ya mtu, amlipe mwenye ardhi kodi, na amri ikaruhusu kodi hiyo ilipwe kwa kazi.

Kibanda alikijenga yeye, ardhi ya bwana. Kuondoka maana yake kuacha nyumba, muhogo uliomo ardhini, na majirani aliozikana nao. Wengi hawakwenda mahakamani kabisa. Miongoni mwa waliokwenda, wapo walioandikishana mkataba na bwana yuleyule: abaki pale alipo, afanye kazi kwa mfano siku tatu kwa wiki. Maafisa wa Kiingereza waliogopa zao la karafuu lisianguke, na mpango huu uliwafaa. Haukuwafaa waliotakiwa kuutekeleza. Wengi waliikwepa kazi ya palizi, wakapendelea kuchuma karafuu kwa malipo ya kila pishi, yaani kwa kipimo cha ujazo.

Baadaye ikazoeleka kwamba mkaazi wa shamba alime mazao ya msimu chini ya mikarafuu bila kodi, ila asipande mti wa kudumu, kwa kuwa mwenye mti angekuwa na haki ya kudai. Mpango huo ulidumu mpaka baada ya uchaguzi wa 1957, wenye mashamba walipoanza kuwafukuza wakaazi kwa sababu ya vyama walivyounga mkono.