UPS inalia: stima ipo au haipo?

Mwezi uliopita mama mmoja mwenye duka la fotokopi huku Langoni alinipigia simu kabla ya adhuhuri. "Fundi, njoo unitolee hiki kidude. Kinalia tangu asubuhi, kichwa chataka kupasuka!" Kidude chenyewe ni UPS, kile kisanduku chenye betri kinachoishikilia kompyuta stima ikikatika. Nikamuuliza swali ninalomuuliza kila mtu: stima ipo au haipo? "Ipo, feni si hii yazunguka?" Basi nikatia multimita, kile kipimo cha volti, na betri moja mfukoni mwa begi, nikatoka. Lamu hatuna gari la kubebea vyombo uchochoroni, kwa hiyo mtu hujifunza kukisia ugonjwa kabla ya kutoka nyumbani.

Swali hilo lina maana yake. Stima ikikatika, UPS nyingi hulia kila baada ya sekunde chache kukwambia kwamba imehamia kwenye betri. Hapo haijaharibika, inafanya kazi uliyoinunulia. Ikianza kulia mbio mbio, betri inakwisha: hifadhi kazi yako, uzime kompyuta. Mlio unaonitoa mimi nyumbani ni ule wa stima ikiwa ipo.

Sauti ndefu isiyokatika aghalabu ni mzigo kuzidi, yaani vyombo vilivyochomekwa vinavuta umeme kuliko UPS inavyoweza kubeba. Mshukiwa wangu wa kwanza huwa printa ya leza. Ndani yake mna hita ya kuyeyushia wino wa unga, na inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa ghafla. Ichomeke ukutani, si kwenye UPS.

Kuna na hii inayowachanganya watu: taa za nyumba zinawaka, lakini UPS inasema "tik" ndani, inahamia kwenye betri, inarudi, inahama tena. Stima ipo ila ni dhaifu. Yetu ni ya volti 240. Ikishuka sana, balbu huendelea kuwaka, lakini UPS haiikubali. Pima kwenye soketi yenyewe, kisha uangalie ekstensheni. Nimekuta nyingi zimechomekwa moja juu ya nyingine, na plagi ya kati imeungua hadi nyeusi.

Taa ya kosa la nyaya ikiwaka, muite fundi wa umeme wa nyumba. Huenda laivu (waya wa moto) na nyutro (waya wa kurudi) zimebadilishana, au athi, waya wa usalama unaokwenda ardhini, haipo kabisa. UPS haina dawa ya hilo.

Kwa yule mama ilikuwa taa nyekundu ya betri. Nilitoa kwanza kila kilichochomekwa, nikaizima, nikachomoa plagi ukutani, ndipo nikafungua mlango wa betri. (UPS iliyochomolewa bado inaweza kutoa volti 240 upande wa nyuma, kwa sababu betri ingali ndani. Usiichezee.) Vichwa vya betri vilikuwa na unga mweupe wenye ukijani, kazi ya hewa ya bahari. Kijana wake akaniomba multimita, akapima mwenyewe: volti 12.6. "Nzima hii, fundi!"

Nikatoa balbu ya taa ya gari, ya volti 12, ninayotembea nayo. Nikaiunga kwenye betri, balbu ikawaka vizuri. Kijana akacheka. Kabla hajamaliza kucheka mwanga ukageuka wa manjano, na multimita ikasoma 9 na kitu. Betri iliyochoka huonyesha volti nzuri ikiwa imepumzika. Ipe kazi uione. Ikiwa imevimba, hata usiipime, itoe tu, na usiitoboe.

Ile ilikuwa haijafika miaka mitatu. Joto ndilo lililoiua. Betri hizi zimekadiriwa kwa nyuzi 25 hivi, na kila nyuzi kumi zikiongezeka umri wake hupungua karibu nusu. Yeye aliiweka chini ya kaunta, imebanwa na katoni za karatasi, matundu ya hewa yote yamezibwa. Nikasugua vichwa vya waya, nikatia betri mpya, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, nikaihamishia kwenye rafu ya wazi, mbali na dirisha la upande wa bahari.

Niliiacha ichaji usiku kucha. Asubuhi nikarudi, nikachomoa plagi ukutani ili kuijaribu. Kompyuta haikutikisika. UPS ikalia mara moja, ikanyamaza, ikalia tena.

Mama akaniangalia kwa jicho la pembeni. "Fundi, si ulisema imepona?"